Mfungwa mwenye randa na mfungwa mwenye kitabu cha sheria

Gereza la Kamiti hutengeneza namba za magari. Kwingineko nchini Kenya wafungwa hushona, huchonga vitanda, hulima, na msimu wa maonyesho ya kilimo ukifika watu hujazana kwenye banda la Magereza kununua viti na makabati. Hapo sijasikia anayelalamika. Lakini mfungwa huyohuyo akiweka randa chini, akapata alama nzuri za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, au, balaa zaidi, akahitimu katika sheria, simu huanza kumiminika redioni: mwanangu yuko nyumbani kwa kukosa karo, halafu muuaji anasomeshwa bure?

Swali hilo lina uzito wake. Aliyeuawa alikuwa na mama, na mama huyo akifungua gazeti akamkuta aliyemuua mwanawe kavaa joho la mahafali, hakuna hoja ya mchumi wala ya mwanasheria itakayomtuliza, na si adabu hata kujaribu. Askari magereza naye ana lake. Walipogoma Aprili 2008 kudai posho, wengi waliuliza kwa nini miaka ya mageuzi ya Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais, ilimletea mfungwa godoro na televisheni, ilhali wao wamebanana kambini kama zamani.

Tunajua pia mambo huishia wapi serikali ikiisikiliza simu ile ya redioni. Marekani iliisikiliza mwaka 1994. Wafungwa wa huko walikuwa wakilipiwa chuo kwa ruzuku ya Pell, ile ya wanafunzi wa familia maskini. Wanasiasa wakasimama na hoja ya karo, karibu neno kwa neno, na sheria ya jinai aliyoitia saini Bill Clinton ikawafungia mlango. Fungu la wafungwa halikufika asilimia 1 ya ruzuku zote. Tena ruzuku hiyo hutolewa kwa kila aliyetimiza masharti, kwa hiyo hakuna mtoto wa uraiani aliyepata nafasi kwa sababu mfungwa kaondolewa. Vyuo vya gerezani vilikufa karibu vyote katika miaka michache. Obama alianza kurudisha ruzuku kwa majaribio mwaka 2015, sheria ya Desemba 2020 ikairudisha rasmi, na milango ikafunguka Julai 2023. Karibu miaka 30 ilipotea, na mzazi yule hakupata hata senti.

Watetezi wa elimu gerezani hupenda kutaja takwimu moja iliyotokana na Marekani hiyohiyo: asilimia 43. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikusanya tafiti za miongo mitatu na kutoa ripoti mwaka 2013, na tangu hapo namba hiyo inazunguka kwenye kila semina kana kwamba wafungwa 43 kati ya 100 waliokolewa na darasa. Ripoti haikusema hivyo. Asilimia 43 ni tofauti ya uwiano kati ya wanaorudia uhalifu na wasiorudia, kipimo cha wanatakwimu ambacho masikioni mwa watu huvimba. Ukihesabu vichwa, ripoti hiyohiyo inatoa tofauti ya 13: kati ya kila 100 waliotoka bila kusoma, takribani 43 walirejea gerezani ndani ya miaka mitatu, kati ya waliosoma, kama 30. Na hata hiyo 13 ina walakini wake. Anayejiandikisha darasani kwa hiari pengine ndiye aliyekwisha kuamua kubadilika, na tafiti zilizoweza kutenganisha nia ya mtu na kazi ya mwalimu zilikuwa chache.

Mimi naichukua hiyo 13, walakini na yote. RAND ilikadiria kwamba kila dola iliyowekwa darasani huokoa dola 4 hadi 5 za kumfunga mtu upya, na watu 13 wasiorudi ni milango 13 isiyovunjwa, kama si zaidi. Isitoshe, sioni sababu ya kuibebesha elimu mzigo wa kuzuia uhalifu peke yake. Huku kwetu kazi yake kubwa imeonekana penginepo kabisa.

Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa nchini Uganda mwaka 2002. Kisa chake kwa kawaida husimuliwa hivi: alisoma sheria katika gereza la Luzira, akaishtaki serikali, akashinda. Ni kisa kitamu, ila kimepinduliwa. Kesi ilifunguliwa mwaka 2003, yeye pamoja na wenzake zaidi ya 400, na mawakili wa uraiani ndio walioibeba. Mahakama ya Katiba mwaka 2005, kisha Mahakama ya Juu Januari 2009, zikaamua kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kupima mazingira ya kosa. Masomo ya sheria, kwa njia ya masafa kutoka University of London, yalikuja baadaye. Alipunguziwa kifungo hadi miaka 20, akatoka Januari 2016. Kwa hiyo anayesema kitabu ndicho kilichomfungulia lango anakosea. Kitabu kilifanya kazi nyingine: kwa ujuzi ule alikuwa akiwasaidia wafungwa wenzake kuandaa rufaa zao. Hiyo haikuingia sana kwenye magazeti, nami naiona kubwa kuliko kisa chenyewe.

Chukua mtu aliyefungwa miaka saba huko Kenya kwa kuvunja duka. Hukumu imeandikwa kwa Kiingereza. Ana siku 14 za kukata rufaa. Sheria inamruhusu kumkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake zipelekwe mahakamani, lakini lazima kwanza ziandikwe, na zionyeshe hakimu alikosea wapi. “Mimi sikuiba” haitoshi. Kinachotakiwa ni kwamba shahidi alidai kumtambua usiku, na hakimu hakuuliza mwanga ulikuwa wa kiasi gani. Au kwamba shtaka lilisomwa kwa lugha asiyoielewa, kisha ikaandikwa kuwa alikiri, kinyume cha kesi ya Adan ya 1973, inayotaka mshtakiwa asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa. Wakili wa kulipiwa na serikali, katiba inampa pale tu ambapo haki itaumia sana bila yeye, na mwizi wa dukani kwa kawaida hahesabiwi humo. Atakayeliona lile la mwanga ni jirani yake wa kitandani aliyesoma. Ikiwa jirani huyo ni mjuzi wa nusu nusu anayetoza sabuni na sigara, ataiharibu rufaa nzuri. Ndiyo maana nataka asome hasa. Na katika masomo ya University of London yaliyoingizwa magerezani Kenya na Uganda, askari nao waliandikishwa pamoja na wafungwa, jambo ambalo kwa kiasi fulani linajibu kinyongo cha kambini.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko la karo halitajwi sana redioni. Shahada huenda kwa wenye vifungo virefu, kwa kuwa ndio wenye muda. Kijana wa miezi sita aliyekamatwa na misokoto miwili ya bangi hatoki hata na kozi ya wiki mbili, na ni wengi mno kama yeye wanaoingia na kutoka. Kisha aliyesoma akitoka, mwajiri anamdai cheti cha tabia njema cha polisi, na kosa lake limeandikwa humo. Tunamsomesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine tunamnyima kazi. Hapo wapinzani wana haki ya kuuliza tunatoa vyeti vya nini.

Kuhusu sheria, hata hivyo, jibu liko kwenye mafaili. Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, na magereza yakafurika maombi ya kuhukumiwa upya. Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Waliohukumiwa kifo kwa wizi wa kimabavu, kundi kubwa, wakaambiwa hoja yao inahitaji kesi yake yenyewe, ianzie chini. Wengi wao hawana wakili. Kesi hizo mtu lazima aziandike, na wa karibu nao ni yule mfungwa aliyeweka randa chini.