Matawi 100%, Nusu Hayajapitiwa

Juzi kikaoni mwenzetu katuonyesha ripoti ya gcov, zana inayoonyesha majaribio yamepitia sehemu zipi za msimbo, ya faili lake jipya la lugha ya C: mistari 100%, matawi (njia mbili za kila if: sharti likiwa kweli, na lisipokuwa) 100%. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, mdomo ulikuwa umejaa andazi. Nilipomeza nikamwomba ateremshe skrini mstari mmoja tu. Pale chini: "Taken at least once: 50.00%".

Jamani! Ukiiendesha gcov na chaguo la -b unapata takwimu mbili za matawi, na watu husoma ya kwanza wakaenda zao nyumbani. "Branches executed" inakwambia tu kwamba sharti lilifikiwa likapimwa. Ulielekea wapi baada ya hapo, haisemi. Umefika njia panda ya Segera, hongera. Tanga umefika? Moshi je?

Tukafungua msimbo wenyewe. Kielekezi (pointer) a kinaanza kikiwa NULL, yaani hakielekezi popote. Halafu if (namba > 0), ndani yake a inatafutiwa akaunti. Halafu, nje ya if, ada inakatwa kwenye salio la akaunti hiyo: a->salio -= ada. Majaribio yote sita yalitumia namba nzuri, kwa hiyo kila mstari ulipitiwa, kijani kitupu. Chini ya ile if, gcov ilikuwa imeandika "branch 0 taken 100%", na chini yake "branch 1 taken 0%". Imesema wazi kabisa! Lakini if isiyo na else haina mstari wa upande wa pili wa kupakwa rangi nyekundu, na sisi tumezoea kuangalia rangi.

lcov nayo, inayogeuza matokeo ya gcov kuwa kurasa za rangi, matawi haikuonyeshi mpaka uiwashe mwenyewe. Asante sana.

Haya, kwa shingo upande nakubali: kwenye C++ hiyo 100% ni ya kutafutwa na wasio na kazi. Kompaila inaongeza matawi ya eksepsheni (njia za kutokea hitilafu ikirushwa) hata kwenye mstari usio na if, ndiyo yale yenye alama ya (throw). gcovr, zana nyingine ya ripoti za gcov, ina --exclude-throw-branches ya kuyaondoa, itumieni. Ila faili lile lilikuwa C. Hakuna eksepsheni ya kusingizia.

Mwenzetu akasema namba sifuri "haiwezi kuja". Nikamwomba aongeze jaribio la saba, namba = 0, hapo hapo mbele yetu. Akaandika, akabonyeza Enter.

Segmentation fault. Programu chali.

Nikachukua andazi la pili.