Kerala Wanauliza, Sisi Tunapiga Makofi

Juzi hapa Thiruvananthapuram, makao makuu ya jimbo la Kerala kusini mwa India, sikupata bajaji hata moja wala duka la kununulia mkate, kwa sababu chama kimoja kilikuwa kimeitisha hartal, mgomo wa kufunga kila kitu tangu alfajiri hadi jioni. Mahakama Kuu ya Kerala ilikwisha kupiga marufuku migomo ya namna hii mwaka 1997, ilipokuwa ikiitwa bandh. Vyama vikabadilisha jina, na maduka yakaendelea kufungwa. Nilikasirika, maana kibarua anayelipwa kwa siku hulala njaa ili wanasiasa waonyeshane misuli. Hata hivyo, ndugu zangu wa Tanzania, Wamalayali hawa, wenyeji wa Kerala, wanaoniudhi wana jambo moja ninalowaonea wivu: hawanyamazi mbele ya mtu aliyeshika fedha zao.

Sizungumzii bendera na maandamano, bali mkutano wa kijiji. Sheria ya Kerala ya mwaka 1994 inataka wapiga kura wa kila kata ya panchayati, yaani halmashauri ya kijiji, waitwe kwenye grama sabha, mkutano wao wa hadhara, kila miezi mitatu. Sheria yetu nayo inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Wetu mnaujua unavyokwenda, sina haja ya kuwasimulia.

Wao nilikwenda kuushuhudia katika kijiji alikozaliwa mwenye nyumba wangu, nje ya jiji, naye akawa ananitafsiria kwa sauti ya chini. Ukumbi ulikuwa wa shule, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Bibi mmoja alisimama na karatasi iliyokunjwa mara nne, orodha ya watakaojengewa nyumba na serikali, akamuuliza mjumbe wa kata kwa nini jirani yake mwenye nyumba ya ghorofa ametangulizwa. Mjumbe alianza kueleza habari za alama. Bibi akakataa maelezo, akataka vigezo vyenyewe visomwe kwa sauti, kimoja baada ya kingine, na vikasomwa huku karani akiandika. Hakuna aliyemwita mchochezi, wala aliyemwambia, "Mama, kaa chini, utajibiwa ofisini."

Nasikia mnavyosema: kapanda ndege, kasahau alikotoka. Sijasahau. Nchini kwangu hakuna anayetaka kujua tabaka nililozaliwa kabla ya kuniozesha binti yake, na lugha moja inanitosha kutoka Kigoma hadi Mtwara. Hapa, upite mpaka wa jimbo tu, Kimalayalam chako kinaanza kukwama. Wala sisemi Kerala ni pepo. Kule Kannur, wilaya ya kaskazini mwa jimbo, wameuana kwa sababu ya vyama kwa miongo mingi, na vijana waliosoma vizuri wanakimbilia Ghuba, Uingereza na Kanada kwa kukosa kazi za kiwango chao. Mtaniuliza basi maswali yao yamewasaidia nini, nami nakiri kwamba kumhoji kiongozi hakujengi kiwanda.

Lakini msiniambie kwamba wamezaliwa hivyo. Mwaka 1924, pale Vaikom, mji wa hapa Kerala, watu wa matabaka yaliyodharauliwa walikuwa hawaruhusiwi hata kupita kwenye barabara zilizozunguka hekalu, na ilibidi waandamane hadi mwaka uliofuata ndipo wafunguliwe sehemu ya barabara hizo. Milango ya mahekalu ya serikali ya Travancore, ufalme wa zamani wa kusini mwa Kerala, walifunguliwa mwaka 1936. Kisha P. N. Panicker akaziunganisha maktaba za vijijini kuanzia mwaka 1945, na hadi leo magazeti husomwa na kubishaniwa kwenye vibanda vya chai. Tena, mwaka 1996 serikali ya jimbo iliamua kuzipelekea mamlaka za chini zaidi ya theluthi moja ya bajeti ya maendeleo, kwa hiyo kwenye mkutano kuna fedha za kweli za kugombania. Na tangu mwaka 1987 hadi 2016, kila uchaguzi wa jimbo uliing'oa serikali iliyokuwa madarakani. Mjumbe anayejua kwamba anaweza kung'olewa hujifunza kusoma vigezo kwa sauti.

Mwingine atasema kwetu watu hawaji mkutanoni. Huku nako akidi ni asilimia kumi ya wapiga kura, na si ajabu ikasumbua; wenye jamaa Dubai hawajisumbui kuja, wanaokuja ni wenye shida. Tofauti ni kwamba mwenye shida akija anakuta karatasi, wakati kwetu anakuta soda ya mgeni rasmi. Kwa kuwa huenda mkadhani natia chumvi, nilimpigia kaka yangu kijijini kumuuliza ni lini walisomewa mapato na matumizi kwa mara ya mwisho. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama nimeshatuma mchango wa choo cha shule, ule ambao tulichangishwa pia mwaka jana.