Buibui Aliyevuka Nile

Mimi ni bodaboda wa Walukuba, Jinja. Buibui sikuwahi kuwajali mpaka binti mmoja mwanafunzi aliponipa kazi. Alitaka wale wa ndani ya nyumba, wenye miguu mirefu myembamba kama unywele, ukiwagusa wanatikisika kama wana homa. Nyumba nane: nne upande wetu, nne ng'ambo ya Nile, kule Njeru. Atapima vinasaba ajue kama wa huku na wa kule ni ukoo mmoja, maana buibui hawa huhama nasi, wamejificha kwenye vitanda na masanduku.

"Mguu mmoja tu kwa kila buibui unatosha, Baba Swalehe. Tia kwenye kichupa cha spiriti, andika mtaa." Kichupa shilingi 5,000.

Nikaanza kwa jirani.

"Hodi, Mama Zubeda. Naomba buibui."

"Buibui langu? Mwanamume mzima, unalitakia nini?"

"Si la kuvaa, mama! Wale wa kwenye pembe za nyumba."

Bora ningeomba la kuvaa. "Kwa hiyo nyumba yangu chafu?" Nilitoka mbio, ufagio ukinifuata.

Nyumba ya pili alifungua mume. Hiyo sisimulii.

Nikarudi kwangu. Nyuma ya kabati, mmoja peke yake. Nikamhesabu miguu: minane. Vichupa: vinane. Wewe ungefanyaje?

Vya Njeru niliviandika kwa kalamu ya rangi nyingine, ionekane kweli nilivuka daraja. Nikapokea 40,000 zangu, tukala samaki.

Baada ya wiki kadhaa binti akapiga simu, sauti ya harusi. "Baba Swalehe! Wa Jinja na wa Njeru hawana tofauti hata chembe! Mto hauwazuii kabisa!" Nikampa hongera. Tena, mdomo huu, nikaongeza kwamba asubuhi huwa nawaona darajani.

Siku mbili baadaye akapiga tena, safari hii polepole. Mwalimu wake alikuwa ameyaona majibu.

"Baba, hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Hawa wanane hawatofautiani popote."

Nikakohoa. "Labda mapacha."

Kimya kirefu.

"Nina swali moja tu, baba. Huyo buibui wako, sasa hivi anatembeaje?"