Nyoka mdogo wa udongoni: mwache hai, lakini usimguse

Mvua za vuli zikishalainisha udongo, wanaochimba nyungunyungu wa chambo kandokando ya ziwa, na wenye mashamba ya mihogo, hufukua pia nyoka kipofu: mwembamba, anang'aa, unene mmoja kutoka kichwani hadi mkiani. Mara nyingi jembe humkata kabla hajatazamwa vizuri. Kwangu hiyo ni hasara tupu. Chakula chake ni mayai na watoto wa mchwa na sisimizi, na huwafuata hadi ndani ya vichuguu. Macho yake ni vitone viwili chini ya gamba, hutambua mwanga na giza tu. Kinywa ni kidogo mno, kimejificha chini ya pua, hakiwezi kumuuma mtu. Ule mwiba wa mkiani unaochoma kiganja hauna sumu. Hujikitia nao anapojisukuma udongoni.

Hata hivyo, napinga kabisa desturi ya kumwokota ili kumtambua. Udongoni wapo pia nyoka wenye sumu wa jamii ya Atractaspis, weusi au kahawia iliyokolea, wengi chini ya sentimita 60. Aliyezoea nyoka humbana nyuma ya kichwa akidhani yu salama, na hapo ndipo anapoumia. Meno ya sumu ya nyoka huyu ni marefu, hutokeza pembeni mwa mdomo bila kinywa kufunguka, na humchoma mshikaji kwa kurudi nyuma. Hakuna mahali salama pa kumshika, hata akiwa mdogo kama kalamu. Wakisumbuliwa, wengi hukunja shingo na kuielekeza pua chini. Ukiona hivyo, rudi nyuma.

Kipofu ana magamba madogo yaleyale mgongoni na tumboni, Atractaspis ana magamba mapana tumboni. Lakini huhitaji kumgeuza. Mwinue kwa chepe la mpini mrefu pamoja na udongo wake, ukamwache kichakani.

Ukichomwa na Atractaspis, vua pete mara moja kabla kidole hakijavimba, tuliza mkono, nenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure jijini Mwanza, au hospitali iliyo karibu. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Dawa ya sumu inayotumika kwa kifutu na swila haiizuii sumu hii, kwa hiyo daktari hutibu maumivu na uvimbe, huku akiangalia moyo na shinikizo la damu. Mtajie saa uliyoumwa na rangi ya nyoka. Picha ya simu, iliyopigwa kwa mbali, inatosha.