Zulia la Shemeji

Saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wangu hapa Bamburi, Mombasa, kikoi nimekikunja hadi magotini, mguu wa kushoto juu, wa kulia haung'oki. Masika yalikuwa yamepumua kidogo na ardhi ikitoa mvuke. Bibi jirani alikuwa amepanda ndoo upande wake wa ukuta, kidevu kwenye tofali, ananitazama.

"Mwanangu, wafanya nini?"

"Natoboa ardhi, bibi. Ipate kupumua."

Akanyamaza kidogo. "Imekwambia yakosa pumzi?"

Chanzo chake ni shemeji. Yeye anaishi Manchester, mji ambao kwa maelezo yake mvua hainyeshi, inakaa. Alikuja likizo mwezi wa tatu, akatoka uani na kikombe cha chai, akautazama ukoka wetu akauliza, "Shemeji, hii ndiyo bustani?"

Sasa ule ukoka ulikuwepo kabla ya nyumba. Watoto wameuchezea mpira, mbuzi wa mtaa mzima wameula, mikeka ya maulidi imetandikwa juu yake, na sijui mtu aliyewahi kuumwagia hata kikombe cha maji. Hakuna aliyeuita bustani, lakini pia hakuna aliyeutukana. Shemeji akatoa simu akatuonyesha uwanja wake: nyasi nyembamba, laini, kijani kibichi. "Zulia," akasema. Mama watoto akaitazama picha, akautazama uwanja, halafu akanitazama mimi. Disemba tulikuwa na arusi ya binti, na kupamba, ile sherehe ya wanawake, kungefanyika hapo hapo uani. Sikuwa na la kusema.

Mbegu zikafika, kilo mbili za raigrasi, nyasi za nchi za baridi, na maagizo yakafika kwa sauti kwenye simu, moja baada ya jingine, kama ya daktari.

La kwanza: ng'oa ukoka wote na mizizi yake. Nikamlipa kijana siku mbili, tukajaza magunia saba. Pa kuyatupa hatukuwa napo. Bibi jirani alikuwa na kiwanja kitupu upande wa pili wa ukuta, kifusi kitupu. "Tupa tu hapo," akasema.

La pili: mwaga chokaa. Kule kwao mvua hukosha ardhi mpaka inakuwa chachu, nyasi zinadhoofika, na mahali pake panaota kitu laini kama sufi ya mto. Chokaa ndiyo dawa. Nikaenda dukani nikanunua mfuko mzima. Muuzaji akaniuliza, "Wapaka ukuta?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba napaka ardhi. Hapa naomba mnisitiri. Mimi ni mtu wa Bamburi. Tumekaa juu ya matumbawe. Kiwanda cha saruji kimekuwa kikisaga mawe haya haya tangu 1954, na shimo mojawapo walilochimba ndilo leo Haller Park, watoto wanapelekwa na shule kutazama viboko. Ardhi hii ni chokaa tupu, na mimi nikaiongezea chokaa, tena nikaifagia isawazike.

La tatu ndilo lililonikwamisha. Ardhi ikishikana sana, alisema shemeji, itoboe matundu ili maji na hewa vishuke kwenye mizizi. Kwao kuna viatu vyenye meno vya kazi hiyo. Mimi nikachukua akala zangu za tairi, nikazipigilia misumari ya inchi tatu, sita kila upande, nikazivaa nikaanza kutembea kama askari wa gwaride. Hatua nne za kwanza zilikwenda vizuri sana. Ila udongo wangu una kina cha shubiri moja tu mahali palipo pazuri. Penginepo ni vidole vinne halafu jiwe. Hatua ya tano misumari ikaingia kwenye ufa wa tumbawe, nikaisikia ikipinda kwa chini, *krrr*, ikashika kama ndoana.

Nikavuta. Nikavuta tena. Mwisho nikafungua ukanda nikauchomoa mguu, nikaruka kwa mguu mmoja mpaka barazani. Akala ikabaki pale, imesimama peke yake, kana kwamba mwenyewe amepaa mbinguni.

"Hiyo nayo itaota?" bibi akauliza.

Nisiwe mwongo, mbegu ziliota. Kunguru walichukua zaka yao kwanza, lakini siku ya saba zile zilizobaki zikatokeza kama nywele za mtoto mchanga. Julai kusi inavuma, asubuhi kuna kibaridi, manyunyu hayakauki: uwanja ukawa zulia kweli. Mgeni akija kuniona sebuleni nilimpitisha uani kwanza, hata kama amekuja kudai. Shemeji alisema usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, basi nikawa nachuchumaa na mkasi wa cherehani wa mama watoto, napima kwa kidole.

Oktoba rangi ikaanza kubadilika. Mwanzoni nilisema ni vumbi. Mfereji wetu hutoa maji unapojisikia, kwa hiyo nikamwagilia ya kisima, na kisima chetu ukikoroga chai huhitaji kuonja mara mbili kujua kuna chumvi. Kufika Novemba zulia lilikuwa mkeka uliochakaa. Nikampigia shemeji.

"Joto huko digrii ngapi?"

"32."

Kimya.

"Shemeji, hizo zikipata joto hilo hulala."

"Zitaamka lini?"

"Kukipoa."

Nikamuuliza yeye, mzaliwa wa Mombasa, Disemba mpaka Machi kunapoa saa ngapi. Akasema mtandao unakatika.

Wiki mbili kabla ya arusi uani palikuwa na vumbi, mawe na akala moja. Mama watoto hakusema neno, akapanda ndoo, akachungulia upande wa pili, akashuka akajifunga leso akatoka. Alirudi akicheka. Magunia yangu saba yalikuwa yamepata mvua za vuli pale kwenye kifusi. Ukoka ulikuwa umetambaa kutoka ukuta hadi ukuta, umejaa, mnene, wa kijani, bila hata tone la maji ya mtu. Kupamba kukahamia kwa bibi.

Siku yenyewe nilitumwa kupeleka viti kabla wanawake hawajafika. Nikafika mlangoni, viti vinne begani, jasho linanichuruzika. Bibi akanizuia kwa mkono, akainamisha macho mpaka miguuni pangu.

"Karibu, mwanangu. Viatu hivyo vua hapo hapo nje."

Zilikuwa kandambili tu.