Mravinsky na Huzuni Isiyolazimishwa

Wapenzi wengi wa muziki wa okestra husema kwamba viongozi wa okestra wa Kirusi huzipiga simfoni za mtunzi wao Tchaikovsky kwa hisia zisizozuiwa. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu mkubwa ni Yevgeny Mravinsky, aliyeiongoza okestra ya Filharmonia ya Leningrad tangu 1938 hadi alipofariki mwaka 1988.

Mwaka 1960, wakiwa ziarani nje ya nchi, Mravinsky na wanamuziki wake walirekodi Simfoni ya Nne mjini London, kisha ya Tano na ya Sita mjini Vienna. Kinachosikika humo ni nidhamu. Tamati ya Simfoni ya Tano inakimbia kwa kasi ambayo ingezivuruga okestra nyingi, lakini kila noti ya fidla inabaki mahali pake. Hilo halikutokana na kipaji peke yake, kwani Mravinsky alijulikana kwa kuwafanyisha mazoezi makali hata kwa kazi walizozipiga miaka nenda, miaka rudi.

Simfoni ya Sita, ambayo Tchaikovsky aliiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1893, siku tisa kabla ya kufariki, huwatega viongozi wengi wa okestra katika sehemu ya mwisho. Kwa kuwa wanajua jinsi kifo kilivyokuwa karibu, huikokota wakidhani kwamba kukokota ndiko kuomboleza. Mravinsky haikokoti, na kwa sababu hamlazimishi msikilizaji alie, huzuni inapenya zaidi.

Sauti ya Kirusi, hata hivyo, ipo: tarumbeta zenye makali, na pembe inayotetemesha sauti katika sehemu ya pili ya Simfoni ya Tano, jambo ambalo masikio yaliyolelewa na okestra za Ujerumani huliona kioja. Mimi nalipenda.

Anayekaribia zaidi ile picha ya hisia zisizozuiwa ni Yevgeny Svetlanov, aliyeshika Okestra ya Simfoni ya Taifa ya Umoja wa Kisovieti mwaka 1965. Katika kazi za Rachmaninov, mtunzi mwingine wa Kirusi, mwendo wake mpana unafaa, maana nyimbo zile ndefu zinahitaji pumzi. Lakini katika Manfred, simfoni ya Tchaikovsky inayomhusu mhusika wa tamthilia ya kishairi ya Byron, aliuondoa mwisho wa utulivu wenye ogani, akaweka mahali pake kishindo kinachofunga sehemu ya kwanza. Wapo wanaomtetea wakidai kwamba mwisho wa asili ni dhaifu. Kwangu huko ni kuvuka mpaka: mtunzi alimsamehe Manfred anapokufa, na kiongozi wa okestra hana mamlaka ya kuufuta msamaha huo.