Una Spana Namba 17?

Hebu jamani, fundi wa kuitwa njiani hulipwa kwa kazi gani hasa? Lori limezima ukishapita Marereni, jua la saa saba limekukalia utosini kama linakudai, tanboi, msaidizi wako, ameshakata matawi ya kutandaza barabarani, na kule nyuma maembe ya Witu yameanza kunukia. Unapiga simu Malindi. Swali la kwanza la makanika si gari lina nini. Ni "umebeba nini?" Ukisema maembe, bei inapanda, maana maembe hayangoji mtu. Ukisema mchanga, atakuja kesho. La pili: "Nitumie ya mafuta ya pikipiki, na ya kutolea." Unatuma. Baada ya saa mbili huyo anafika, mikono mitupu, mfukoni bisibisi moja na simu mbili. Anainama. Anaguna. Anatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya. Halafu: "Una spana namba 17?"

Ninayo! Ndiyo hiyo inayoniuma. Spana ni yangu, koleo langu, dizeli yangu, na pampu ya mkono iko palepale juu ya filta Wajapani walipoiweka. Sasa wewe umeleta nini, baraka?

Na ugonjwa wenyewe mara nyingi ni hewa kwenye njia ya dizeli. Injini ya dizeli ikifa polepole, inakohoa, inasinzia, inazinduka, kisha inalala moja kwa moja, waachie waya mambo yao. Imevuta hewa ama filta imeziba. Ikikatika ghafla kama taa iliyozimwa, hapo ndipo utafute fyuzi. Hewa huingia pale tajiri, mwenye lori, aliposema "hiyo itakufikisha tu" na tangi likakauka, au inapenya kwenye ile washa, kile kipete cha shaba cha bomba la filta, iliyofunguliwa na kufungwa mpaka ikawa ngumu kama mfupa. Washa ya bei ya andazi, ndiyo inayosimamisha tani za maembe. Huna nyingine? Ishike kwa koleo kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, italainika na itakaa tena.

Kisha legeza skrubu ya hewa juu ya filta, mzunguko mmoja unatosha. Piga pampu ya mkono. Kwanza litatoka povu kama la sabuni. Usiache. Kidole gumba kitalia, kiache kilie. Piga mara 50, mara 80, mpaka dizeli itoke bila kipovu hata kimoja, ndipo ufunge skrubu, na upige tena mpaka pampu iwe ngumu mkononi. Stata sekunde 10, basi, halafu ipumzike dakika nzima, kwa maana betri si kisima. Ikigoma, na injini ni ya zamani, sasa ndiyo zamu ya hiyo namba 17: legeza nusu mzunguko nati za mabomba ya nozo (zinazopulizia dizeli ndani ya injini) mbili tatu, tanboi apige stata, dizeli iteme, kisha kaza moja baada ya nyingine. Injini itaamka ikitetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi. Ni kazi ya robo saa. Makanika huifanya kwa dakika 40 kwa sababu 25 ni za kuguna.

Ila kama lori lako ni hili jipya la komoni reli, ambalo nozo zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, komea kwenye pampu. Yale mabomba usiyaguse injini ikizunguka. Mle ndani presha inapita baa 1,000 (baa za kupimia, si zile za Malindi mjini), wakati tairi lako lina kama 8. Dizeli ya namna hiyo haikuchafui, inapasua ngozi na kuingia.

Haya, tuje kwenye wili nati, ambako wajuzi ni wengi kuliko nati zenyewe. Isuzu na Fuso nyingi za zamani, magurudumu ya upande wa kushoto yana nati za kinyume. Zimepigwa herufi kabisa, L kushoto na R kulia. Ya L hufunguka ukizungusha vile mishale ya saa inavyokwenda. Tanboi herufi anaiona, ila haiamini. Anachomeka bomba la mita moja kwenye wili spana, anapanda juu, anaruka, na kumbe anakaza! Mtu wa kilo 70 akisimama tu, bila kuruka, kwenye ncha ya bomba la mita moja, ameshakaza kwa nguvu ya kilo-mita 70 (kilo mara mita za bomba), na nyingi ya nati hizi zinataka kati ya 45 na 60. Akiruka unasikia "ta!", stadi, ile bolti inayoshikwa na nati, imekatika, na wapita njia wanasema pole huku wakisogea karibu waone vizuri. Nyuma kwenye tairi pacha ni balaa jingine: nati ya ndani inashika tairi la ndani, ya nje inashika la nje. Ukitaka kukaza ya ndani, legeza kwanza ya nje, la sivyo unakaza hewa. Na baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze tena. Ukibadilisha Malindi, kaza ukifika Kilifi. Hakuna anayefanya hivyo, ndiyo maana gurudumu huonekana likitangulia lori lenyewe.

Na kama lori limezoea kubeba chumvi ya Gongoni, hata L na R hazisomeki, kutu imekula. Chumvi inadondosha maji njia nzima, inaingia kwenye soketi za taa, waya unageuka kijani, halafu watu wanamsingizia jini. Osha chini kwa maji baridi ya bomba, yasiyo ya chumvi, kila ukishusha. Kwa maji baridi nimesema! Maana yuko mtu, hakosekani, rejeta ikichemka atakushauri uchote bahari, "si maji tu?" Rejeta ingoje nusu saa kwanza, kifuniko kifunguliwe kwa kitambaa. Hosi ikipasuka, izungushie kwa nguvu ukanda wa tyubu, kisha kifuniko kiache kwenye pingili ya kwanza presha isijikusanye, uende mwendo wa harusi.

Mwingine mwenye huruma ataleta gari dogo, Probox, akushtulie betri. Ya kwake volti 12, ya kwako 24, betri mbili zimefungwa mfululizo. Mshukuru, mpe embe, aende.

Kulipa kupo, sikatai. Breki za upepo zikikosa presha, springi ya breki za nyuma hukamata yenyewe na lori halisogei. Kuna bolti maalumu ya kuirudisha nyuma, hiyo unaweza kuikaza mwenyewe magurudumu yakishawekewa mawe. Lakini lile kopo la springi usilifungue kamwe, lina nguvu ya kuua mtu. Hapo ita bredauni, lori la kuvuta, na ikija simama uangalie, kwa sababu dereva wake ana haraka. Kabla hajavuta, propela shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma, itolewe, ikiwa magurudumu ya nyuma yanabaki chini. Injini ikizima, gia za kurusha oili zimelala, shafti ya nyuma ya giaboksi inazunguka kavu, na kufika Malindi giaboksi imekuwa unga. Atakwambia "huwa tunavuta hivihivi". Mwambie hivihivi ni ya giaboksi yake. Piga alama ya rangi kwenye flenji mbili, pale shafti inapoungana, kabla ya kufungua, irudi ilivyokuwa, isije ikatikisa kebini kama ngoma ya chakacha.

Lakini makanika wa namba 17! Hewa imetoka, injini inaunguruma, analipwa, anataka ya chai, anataka ya kurudi, anaomba na maembe ya watoto, anachagua yaliyoiva. Anapanda pikipiki yake. Lori linaondoka, Gongoni, Mambrui, mpaka daraja la Sabaki, na hapo injini inakohoa tena. Sanduku la vifaa linafunguliwa. Kuna 14. Kuna 19.